Novemba Maktabani: Kutoka Boston hadi Mpaka wa Kanada

Wafasiri huyaita majira haya ya majani kupukutika vuli. Kwetu vuli ni mvua: wingu la Oktoba, matope ya Novemba, jembe begani. Huku New England, kaskazini-mashariki mwa Marekani, mwisho wa "vuli" ni miti iliyobaki mifupa, nyasi zenye rangi ya mkate na giza linaloingia kabla watoto hawajamaliza kula vitafunio vya baada ya shule. Watu wa Vermont wameyapa jina lao, majira ya vijiti. Watalii wa majani mekundu wameshaondoka na wa kuteleza kwenye theluji hawajafika. Anayetaka kuona maktaba za miji midogo zikifanya kazi na aende wakati huo, kwa sababu ndipo mji mzima unapohamia ndani.

Panga safari kwa kufuata jua. Jumapili ya kwanza ya Novemba, saa nane usiku, saa zote hurudishwa nyuma kwa saa moja. Kufikia katikati ya mwezi jua linazama yapata saa kumi na dakika ishirini jioni, na barabara za vijijini hazina taa. Kwa hiyo niliendesha asubuhi na kukaa maktabani mchana hadi jioni. Soma ratiba ya mlangoni mapema: maktaba ya mji wa watu elfu mbili tatu huenda ikafunguliwa siku nne tu kwa wiki. Kumbuka kugeuza saa, maana 10 hadi 6 ya kwao ni saa nne asubuhi hadi kumi na mbili jioni ya kwetu. Hufungwa tarehe 11 Novemba, siku ya maveterani, na Alhamisi ya nne ya mwezi, sikukuu ya kushukuru. Nyingi hufunga na Ijumaa inayofuata. Intaneti isiyo na waya mara nyingi huachwa wazi usiku kucha, hivyo ukikuta mlango umefungwa, egesha karibu na ukuta utume ujumbe wako.

Kuingia hakuhitaji kadi wala sababu. Kadi inahitajika kuazima tu, na hutolewa kwa kuonyesha kitu chenye anwani yako ya hapo, kama bili ya umeme au leseni. Mgeni anaweza kusoma, kutumia kompyuta, kuchapisha karatasi kwa senti chache na kuhudhuria karibu kila shughuli.

Kutoka Boston, barabara ya 3 inakupeleka Nashua, kisha ya 101 inapanda magharibi hadi Peterborough, New Hampshire. Ni yapata kilomita 115. Nilianzia hapo kwa makusudi. Aprili 1833, mkutano wa wanamji uliamua sehemu ya fedha za umma inunue vitabu vya kuazimwa na mtu yeyote bila malipo. Fedha zenyewe zilitokana na kodi ambayo jimbo liliwatoza wenye benki likikusudia kujenga chuo. Chuo kikakwama, fedha zikagawiwa miji, na Peterborough ikatenga sehemu kwa ajili ya vitabu. Ndiyo inayohesabiwa kuwa maktaba kongwe zaidi duniani inayotunzwa kwa kodi tangu kuanzishwa kwake. Hadi leo, katika miji mingi ya eneo hili, bajeti ya maktaba hupigiwa kura na wananchi wenyewe, na hilo linaeleza mengi: mkutubi anayeomba kura za majirani kila mwaka hawezi kukaa na rafu za vitabu peke yake. Anatafuta kila njia ya kumfanya hata asiyesoma apite mlangoni.

Njia mojawapo ni darubini. Mwaka 2008 chama cha wapenda nyota cha New Hampshire kilianza kuzipa maktaba darubini za kuazimwa kama vitabu, na mpango ukaenea majimbo mengine. Kifaa kilichozoeleka ni Orion StarBlast yenye kioo cha milimita 114, fupi, ya kuwekwa juu ya meza, na mtoto wa darasa la sita anaweza kuibeba. Kabla ya kukabidhiwa maktaba, darubini hufanyiwa marekebisho, na marekebisho hayo ndiyo siri ya kudumu kwake. Lenzi ya jicho hufungwa isitoke, vifuniko hufungwa kwa uzi visipotee, na skrubu za kurekebisha vioo hukazwa vidole visizifikie. Lenzi ni ya kuvuta, milimita 8 hadi 24, hivyo ukuzaji unaanzia mara 19 hivi na kufika 56. Anayeanza hung'ang'ania 56, na hapo ndipo anapopotea, kwani kipande cha anga kinachoonekana ni kidogo mno. Anzia kwenye milimita 24, yaani ukuzaji mdogo, tafuta kitu, kiweke katikati, ndipo uvute.

Mimi nilikwenda moja kwa moja kwenye Kilimia. Novemba kinachomoza jioni na kukaa angani usiku kucha, na kwa ukuzaji mdogo kundi zima linajaa kwenye kioo kama chumvi iliyomwagika. Wazee wa pwani walikitazama kwa ajili ya jembe: kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Huku hakuna anayelima Novemba, lakini nyota ni zile zile.

Matatizo ya darubini wakati huu yanatokana na baridi. Ukiitoa chumba chenye joto na kuitumia papo hapo, hewa ndani ya bomba inachemka na nyota zinatetemeka, kwa hiyo iache nje nusu saa kwanza. Ukiirudisha ndani, usifunue kioo. Funika kila kitu nje kulekule, kisha iache ipate joto taratibu, la sivyo umande utatanda kwenye kioo na kuacha madoa. Usikifute kioo kwa kitambaa hata kikiwa na vumbi. Usiielekeze kwenye jua kamwe. Mgeni asiye na kadi hawezi kuiazima, ila maktaba nyingi huandaa usiku wa kutazama: uliza kaunta, vaa soksi mbili, na chukua tochi uliyoifunika kwa plastiki nyekundu, kwa sababu mwanga mweupe mmoja huharibu macho ya wote kwa dakika ishirini.

Shughuli ya pili iliyonishika ni maktaba ya mbegu, na hapa nitakawia. Nyingi hutumia makabati ya zamani ya kadi za katalogi, yale ya droo ndogo ndefu, ambayo kompyuta iliyaacha bila kazi. Masika mtu huchukua bahasha ya maharage au nyanya bure. Akivuna hurudisha mbegu kidogo. Kurudisha ni hiari, na wengi husahau. Novemba ndio mwezi wa kupokea, kusafisha na kupima, na meza ndefu hujaa watu wenye sinia, chujio na kalamu.

Maharage ndiyo rahisi. Ganda liachwe shambani hadi likauke na kulia ukilitikisa. Jalidi ikitishia kabla ya hapo, ng'oa mmea mzima uutundike kibandani kichwa chini. Mbegu ipimwe kwa ukucha: ukiacha alama, bado ina maji. Ikiwa kavu kabisa, itie kwenye friza siku kadhaa kuua mayai ya dumuzi. Wengi hukosea wakaigandisha ingali na unyevu. Maji ya ndani huganda, kiini kikapasuka, na masika hakuna kinachoota. Chupa ikitoka kwenye friza isifunguliwe hadi ipate joto la chumba, vinginevyo unyevu wa hewa utatua juu ya mbegu.

Nyanya hutaka uchachu. Kamulia mbegu na ute wake kwenye gilasi, ongeza maji kidogo, acha siku mbili hadi nne mpaka utando wa ukungu ujitokeze juu. Ute huo ndio unaozuia mbegu kuota ndani ya tunda, na uchachu unaula. Kisha mimina maji mengi: mbegu nzima huzama, pepe huelea. Zianikwe kwenye sahani ya udongo au chujio, si kwenye karatasi, maana zikinata hapo huzibandui tena. Ukizisahau kwenye maji siku saba, zitaanza kuota humo humo.

Maboga ndiyo huleta ugomvi mezani, ugomvi wa upole lakini. Nyuki hubeba chavua kutoka bustani ya jirani, na mbegu ya boga tamu inaweza kuzaa kitu kigumu kisicholika. Bahasha ya boga isiyochavushwa kwa mkono na maua yake kufungwa hukataliwa, au huandikwa kwamba haina uhakika. Mbegu za mahuluti ya dukani nazo hazipokelewi, kwa kuwa kizazi chake cha pili hakifanani na mama.

Za mwaka uliopita hupimwa hivi: mbegu kumi kwenye karatasi ya jikoni iliyolowa na kukamuliwa, ikunjwe, iingie mfuko wa plastiki ulioachwa wazi kidogo, ikae mahali penye joto, juu ya jokofu kwa mfano. Hesabu baada ya siku saba hadi kumi. Nane na zaidi, bahasha inarudi droo. Tano hadi saba, inaandikwa ipandwe kwa wingi. Chini ya hapo ni chakula cha kuku. Kwenye bahasha kuna jina la aina, mwaka, mji ilikovunwa, na kama inatambaa au ni kichaka. Bahasha isiyo na mwaka hutupwa hata kama mbegu zinang'aa. Nadhani hiyo ndiyo kanuni bora kuliko zote.

Mengine niyapitie haraka. Pana mti wa glavu, tawi kavu lililosimikwa kwenye ndoo, ambapo watu hutundika glavu na kofia za sufu kwa watoto wasio nazo. Ukitaka kuchangia, saizi za watoto wa miaka minane hadi kumi na miwili ndizo hupungua, kwani wafumaji hupenda vitu vidogo. Pana meza ya bima ya afya ya wazee, kwa sababu dirisha la kubadilisha mpango wa dawa liko wazi kuanzia 15 Oktoba hadi 7 Desemba. Mzee huja na kadi yake na orodha ya dawa pamoja na vipimo, na asiyeleta vipimo hurudishwa nyumbani. Na pana mauzo ya vitabu ya Marafiki wa Maktaba, kikundi cha wanaojitolea, vitabu vya dola moja moja, saa ya mwisho mfuko mzima kwa bei moja. Kabla ya kununua, fungua kitabu katikati ukinuse: chenye harufu ya ghala la chini kina kuvu, na kitaambukiza vingine sandukuni kabla hujafika Namanga. Posta ya Marekani ina mfuko maalumu wa vitabu kwenda nje, hadi kilo 30 kwa anwani moja. Uliza kwanza kama nchi yako inapokelewa.

Kutoka Peterborough nilipitia Keene hadi Brattleboro, kisha barabara kuu ya 91 kuelekea kaskazini, yapata kilomita 190 hadi St. Johnsbury. Matairi ya theluji yawe yamefungwa, kwani mvua ya bondeni ni barafu mlimani. Na ukipenda kutembea msituni nyuma ya maktaba, vaa rangi ya chungwa inayowaka: msimu wa kuwinda kulungu kwa bunduki huanza Vermont Jumamosi iliyo siku 12 kabla ya sikukuu ya kushukuru na kuendelea siku 16.

Maktaba ya St. Johnsbury, Athenaeum, ilitolewa mwaka 1871 na Horace Fairbanks, wa ukoo wa watengeneza mizani ya jukwaa. Nyuma ya rafu kuna chumba cha picha kilichoongezwa 1873, na ukuta wa mwisho umejaa mchoro mmoja wa Albert Bierstadt wa milima ya Yosemite, upana wake mita nne na nusu hivi. Chumba kilijengwa kupokea nuru ya dirisha la darini. Kwa hiyo Novemba ingia kabla ya saa nane mchana. Ukichelewa, bonde la mchoro linazama gizani kabla ya bonde la nje.

Kilomita 75 mbele barabara ya 91 inaishia Derby Line, na nje kidogo ya barabara ndiyo maktaba ya Haskell, iliyojengwa makusudi juu ya mpaka. Martha Haskell na mwanawe Horace waliitoa kwa miji miwili, Derby Line na Rock Island, ambayo sasa ni sehemu ya Stanstead ya Quebec, na ukumbi wake ulifunguliwa 1904. Mstari mweusi unakatiza sakafu ya chumba cha kusomea. Mlango mkuu uko Marekani, vitabu vingi viko Kanada. Ghorofani jukwaa liko Kanada, viti vingi viko Marekani. Kwa zaidi ya karne Mkanada alitembea tu kwa miguu kando ya jengo hadi mlangoni bila kupita forodha. Mwaka 2025 Marekani ikabana: kwanza njia ikabakizwa kwa wenye kadi na wafanyakazi, kisha tangu Oktoba Mkanada anayetaka mlango huo akatakiwa kupita kituo cha mpakani kama msafiri yeyote. Mwaka huo huo maktaba ikachangisha fedha za kufungua mlango upande wa Kanada.

Mwenye pasipoti yetu awe mwangalifu kuliko wengine. Ndani unaweza kuvuka mstari utakavyo, hata kukaa mguu huku mguu kule. Ila ukitoka kwa mlango wa nchi nyingine bila kuripoti, umeingia nchi hiyo kinyume cha sheria. Usipokee mzigo wa mtu humo ndani, na usipange kukutana na jamaa wa upande wa pili. Wanaosimamia mpaka wanakuchungulia. Weka pasipoti mfukoni, egesha gari upande uliotoka, soma hadi mkutubi azime taa za nyuma, kisha toka kwa mlango ule ule ulioingilia.