Senti ya 1943 katika Mkebe wa Mjomba

Marehemu mjomba wangu, aliyefanya kazi ya ubaharia kwa miaka mingi kabla ya kurudi Lamu, aliniachia mkebe wa biskuti uliojaa senti za Kimarekani, nyingi zikiwa na sura ya Abraham Lincoln, rais wao wa zamani. Mama, ambaye utotoni alizitumia senti za kikoloni zenye tundu, aliziangalia akacheka: "Mwanangu, hizi utazitunga vipi kwenye uzi?"

Iliyonikosesha usingizi ilikuwa ya mwaka 1943, nayo ilikuwa na rangi ya shaba. Mwaka huo Marekani iliihitaji shaba kwa ajili ya vita, hivyo senti zikatengenezwa kwa chuma kilichopakwa zinki, zikatoka za kijivu. Zilipigwa zaidi ya bilioni moja, kwa hiyo si adimu hata kidogo. Adimu ni zile chache mno zilizopigwa kwa makosa juu ya vipande vya shaba, na hata moja peke yake huuzwa kwa bei ya kununulia nyumba.

Nilichomoa sumaku katika spika ya redio mbovu, nikaisogeza karibu. Senti iliruka ikanata. Shaba hainaswi na sumaku, lakini moyo wa mkusanyaji ni mbishi, nikaipeleka kwa sonara wa mtaani aipime. Senti halisi ya shaba ya wakati ule ina uzito wa gramu 3.11, na ya chuma takriban gramu 2.7. Mizani ilisimama kwenye 2.7. "Shekhe, hii imevishwa tu," alisema, akanionyesha ukingoni mahali ambapo rangi ilikuwa imebambuka na kijivu kikichungulia. Wajanja wengine, nilikuja kujua, huichukua senti ya shaba ya 1948 wakaikata ile 8 mpaka ifanane na 3. Hiyo sumaku haiwezi kuiumbua, inataka kioo cha kukuzia na subira.

Mkebeni mlikuwamo pia ya 1909, mwaka wa kwanza wa senti ya Lincoln. Nyuma, chini kabisa kati ya masuke mawili ya ngano, niliziona herufi V.D.B., za Victor David Brenner aliyeichora, ambazo ziliondolewa mwaka huohuo baada ya watu kulalamika. Zenye herufi hizo zilizopigwa San Francisco zilikuwa 484,000 tu, na hutambulika kwa herufi S chini ya mwaka. Yangu haina S. Ni ya Philadelphia, ambako zilipigwa karibu milioni 28. Herufi moja!

Hata hivyo ingekuwa na thamani yake kama Mama, kwa nia njema kabisa, asingeisugua kwa ndimu na majivu. Ikang'aa kama sufuria ya harusi, na ile rangi ya kahawia iliyojijenga kwa zaidi ya miaka mia moja, ambayo ndiyo wakusanyaji huitafuta, ikapotea moja kwa moja.

Sasa kila sarafu iko ndani ya bahasha yake ya karatasi, na mkebeni nimetia vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, kwa kuwa hewa ya chumvi ya hapa kwetu haikisamehi chuma. Ile ya 1943 sonara alitaka kuitoboa aitie cheni. Mama alimuunga mkono.