Boksi la kaseti la mjomba, na albamu ambazo hazikuvuma

Juzi hapa Malindi natoka Maweni naenda sokoni kwa tuktuk, dereva kijana hivi, amewasha Guns N' Roses, ile bendi ya roki ya Marekani, kwa sauti mpaka turubai linatetemeka. Mi nikashindwa kunyamaza, nikamwambia hao unaowasikia hapo kuna watu waliwatangulia kwa kila kitu, nywele, mikufu, vitambaa vya kichwani, na wanaitwa Hanoi Rocks. Akaniangalia kwa kioo. "Hanoi nani?" Basi bwana nikaanza kueleza, nikaeleza, tukapita soko, tukapita na pale nilipotaka kushuka, na mwisho akaniongezea nauli. Sasa haya ndo yale ambayo sikuyamaliza.

Mjomba wangu alikuwa akitunza bustani ya Mtaliano mmoja upande wa Casuarina. Mwishoni mwa miaka ya 90 yule mzee akauza nyumba akarudi kwao, akamwachia mjomba baiskeli, friji isiyogandisha, na boksi la viatu limejaa kaseti. Mjomba yeye ni mtu wa taarab, akaniletea mimi. Karibu nusu zilikuwa za Kitaliano, mwimbaji Vasco Rossi kwa wingi (sisi Malindi Vasco tunamjua mmoja tu, Vasco da Gama wa mnara pale mwambani, na huyo 1498 hakuja kuimba), zilizobaki zikawa roki nzito za miaka ya 70 na 80, zingine orijino, zingine kajirekodia mwenyewe na kuandika jina kwa biro. Mi hata sikujua kitu kinaitwa glam, yaani roki ya wanaume wa nywele ndefu na vipodozi. Na hapa ndo nataka watu wanielewe, hakuna aliyeniambia ipi iliuza na ipi ililala dukani. Sikuwa na gazeti, intaneti ndo kabisa, nilikuwa na boksi tu. Kwa hivo kwa miaka kama minne hivi mi nilikuwa najua Hanoi Rocks ni bendi kubwa kuliko zote duniani, manake walikuwa na kaseti tatu na wengine moja moja.

Nilidhani ni Wavietnamu pia, jina lenyewe si linasema. Kumbe ni wa Finland, Helsinki, wameanza 1979. Kama una muda wa albamu moja tu sikiliza Two Steps from the Move ya 1984. Mtayarishaji ni Bob Ezrin, yule yule aliyefanya The Wall ya Pink Floyd na Destroyer ya Kiss, na inaanza na wimbo wa kuazima, Up Around the Bend wa bendi ya Creedence, lakini wameupiga kama watu wanaoshuka mteremko na baiskeli haina breki. Andy McCoy ndo mtunzi wao mkuu na gita lake halitulii, Michael Monroe anaimba, akimaliza kuimba anachukua saksafoni, akiiweka chini anachukua kinanda cha mdomo. Hii ndo ilikuwa iwapeleke juu. Halafu Desemba mwaka huo huo, wako Marekani, mpiga dramu wao Razzle akafa kwenye ajali, gari likiendeshwa na Vince Neil, mwimbaji wa bendi ya Mötley Crüe, aliyekuwa amelewa. Miaka 24 tu. Mwaka uliofuata bendi ikavunjika. Guns N' Roses wenyewe walipopata jina ndo wakazitoa upya albamu za hawa jamaa kule Marekani kupitia lebo yao, yaani wao wanajua deni wanalodaiwa, ni dereva wangu wa tuktuk tu ndo hajui.

Picha za hawa watu zilileta kesi nyumbani. Mama aliokota karatasi ya kaseti akaitazama weeee, akaniuliza huyu ni mwanamume ama mwanamke? Nikasema mwanamume. Na hilo wanja? Nyanya alikuwa ameketi kwenye mkeka anachambua mchele, hata hakuinua kichwa, akasema wanja si neno, marehemu babu yako kila Ijumaa alikuwa akijipaka wanja kabla ya kwenda msikitini, hizo nywele ndo akazikate. Kesi ikaisha hapo. Mi hadi leo nikisoma watu wanaandika kurasa kumi juu ya wanaume wa glam na vipodozi vyao namkumbuka nyanya tu.

Sasa Sweet, bendi ya Uingereza. Watu wanawajua kwa Ballroom Blitz na Block Buster, nyimbo za 1973, nyingi za kipindi kile zimetungwa na Chinn na Chapman, watunzi wa nje ya bendi, na wakabaki na sifa ya bendi ya watoto wa shule. Lakini kuna Sweet Fanny Adams ya 1974 na hapo ndo walikasirika. Nyimbo nyingi wametunga wenyewe na ni nzito kweli kweli, Set Me Free ikianza unaweza kudhani ni metali ya miaka kumi mbele, na kweli bendi ya metali ya Saxon waliirudia 1984. Mwimbaji Brian Connolly mapema mwaka ule alipigwa na watu nje ya baa akaumizwa koo, ndo maana ukisikiliza vizuri kuna nyimbo ameimba mpiga besi Steve Priest na nyingine mpiga gita Andy Scott, na haisikiki kama kasoro hata kidogo. Na zile sauti za juu za pamoja! Nyanya (tena yeye) alisema wanaitikiana kama wanawake wa vugo, ile ngoma ya harusi, na ukweli hajakosea, ule mdundo wa kukanyaga chini na watu wote kupokea, mtu wa pwani hahitaji kufundishwa.

Kaseti hiyo ndo iliyoliwa na redio. Aliyewahi kulelewa na kaseti anajua ule ugonjwa, unasikia sauti inalewa lewa, unakimbia kubonyeza, umechelewa. Nikaufungua mlango utepe umetoka kama utumbo wa samaki, umejiviringa kwenye kile kigurudumu cha mpira, na mwingine umekunjamana kama kitambaa kilichotafunwa na mbuzi. Nikavuta pole pole kwa kucha. Pale palipoharibika kabisa nikakata na wembe, nikaunga ncha mbili kwa selotepu upande wa mgongo, nikapunguza kingo, nikarudisha utepe kwa kuzungusha biro. Ilikubali. Ila nilipoteza kama sekunde mbili za Set Me Free, ghafla gita linaruka kutoka hapa hadi pale. Siku hizi naisikiliza nzima kwa simu na kila ikifika pale mwili wangu unaruka wenyewe, halafu najikuta nimetangulia mbele ya wimbo.

Redio yenyewe mpira wake wa ndani ulikuwa umelegea, kila kitu kilichezwa pole pole kidogo. Kwa bendi ya Badlands hii ilikuwa baraka. Albamu yao ya kwanza inaitwa Badlands tu, 1989, gita ni Jake E. Lee aliyetoka kwa mwimbaji Ozzy Osbourne, mwimbaji Ray Gillen aliyepita pita bendi ya Black Sabbath. Wakati wenzao wote wanashindana nani ana nywele ndefu na balladi ya kuliza wasichana hawa walirudi kwenye bluzi, na Gillen ana koo la mtu aliyeachwa jana usiku. Mwendo wa redio yetu ukaongeza uzito, Winter's Call ilikuwa kama inatoka chini ya kisima. Miaka baadaye nikaitafuta YouTube kwenye saiba moja mjini, nikamwita mwenye saiba nikamwambia kompyuta yako ina shida inaharakisha nyimbo. Akaniangalia vile vile kama dereva wa tuktuk. Gillen alifariki 1993 akiwa na miaka 34, kwa ukimwi, na wengi wanaopenda roki hapa pwani hawajawahi kusikia hata jina lake.

Si kila kilichosahaulika kimeonewa lakini, niseme ukweli. Mle boksini kulikuwa na kaseti kama sita za mwisho wa 80 ambazo ukizichanganya huwezi kujua ipi ni ipi, gita lile lile, mwanamke yule yule anayeondoka, pikipiki ile ile. Hizo nilirekodia mawaidha ya redio juu yake na sijuti.

Na kabla mtu hajaniuliza, ndiyo, mtoto wa Unguja alikuwemo. Freddie Mercury kila mtu hapa anamdai, na kila mtu anajua Bohemian Rhapsody kwa sababu ya ile Bismillah, lakini ilikuwemo Queen II ya 1974, albamu ya bendi yake Queen, ambayo haina upande A na B, ina upande mweupe na upande mweusi, na mweusi wote kautunga Freddie. Huo upande usikilize usiku, umeme umepotea, bila kusimamisha. Sitaeleza zaidi.

Dereva nilichukua namba yake, jana nikamtumia Hanoi Rocks mbili kwa WhatsApp. Amejibu leo asubuhi. Anasema bendi si mbaya, ila huyo dada anaimba vizuri sana, ana nyimbo zake mwenyewe? Sijui nianzie wapi kumjibu.