Siku ya Mwanza iliyopangwa na upepo

Mke wangu ni mtu wa Tanga. Amekulia kando ya maji yanayokupwa na kujaa, na siku ile ya Julai tulipotoka kuzunguka Mwanza, swali lake la kwanza lilikuwa la mtu wa pwani: "Baba Neema, hapa maji yanajaa saa ngapi?"

Ziwa Victoria halikupwi wala kujaa kwa namna ambayo jicho linaweza kuona. Hupanda na kushuka kwa msimu na kwa mwaka, kama mwaka 2020 na 2024 lilipopanda na kumeza mialo mingi. Kinachobadilika kila siku ni upepo. Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko maji, upepo ukatoka bara kwenda ziwani, na katika miezi ya kiangazi alfajiri huwa tulivu. Jua likipanda, mambo yanageuka: ardhi inashika joto, hewa yake inapaa, na hewa ya ziwani inakuja kuijaza nafasi. Kuanzia adhuhuri mawimbi yanapata vichwa vyeupe na mashua ndogo inaanza kurusha maji ndani. Kwa hiyo mwenye siku moja tu Mwanza aanze na maji, nchi kavu aiache baadaye. Tulikwenda kwa mpango huo.

Geti la Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Saanane liko upande wa Capri Point, mwendo wa miguu kutoka katikati ya mji. Kiingilio hakilipwi kwa fedha mkononi: tulipewa namba ya malipo, nikalipa kwa simu. Kitambulisho ni muhimu, maana raia wa Afrika Mashariki na mgeni wa mbali hawalipi sawa, na asiyekuwa nacho hubaki akijieleza getini huku utulivu wa asubuhi ukipita. Nahodha alitugawia majaketi ya kuokolea, akamgeukia mke wangu: "Shemeji, funga vifungo vyote, kisha vuta mkanda." Alikuwa na haki ya kusisitiza. Jaketi lililolegea hupanda hadi masikioni mtu akianguka majini, na uso unabaki chini. Safari yenyewe ni ya dakika chache.

Kisiwa kimepewa jina la Mzee Saanane Chawandi, aliyeishi hapo kabla Serikali haijakichukua. Mwaka 1964 kilifanywa bustani ya wanyama, ya kwanza Tanzania, na mwaka 2013 kikawa hifadhi ya taifa yenye kilomita za mraba 2.18, maji yakiwemo. Ni hifadhi ndogo mno, na kwangu hilo ndilo zuri lake: unaitembea yote kwa miguu, kwa utulivu, ukaona mambo ambayo ndani ya gari la Serengeti yangekupita.

Chukua pimbi. Mwili wake haudhibiti joto vizuri, ndiyo maana asubuhi hujianika juu ya mawe, familia nzima imebanana. Ukichelewa hadi saa 5 au 6, wameshajificha kwenye nyufa. Mjusi wa mawe yeye anataka jua kali kidogo. Dume likishapata joto, kichwa na mabega huwa vyekundu na mwili buluu iliyokoza. Jike hubaki na rangi ya udongo. Jina lake la kisayansi limebeba jina la mji huu, Agama mwanzae. Tulikaa kwenye jiwe moja tukiwatazama madume wawili wakitikisa vichwa kugombea eneo, na mke wangu hakutaka kuondoka.

Mawe yenyewe ni matale, yaani graniti, yana umri wa zaidi ya miaka bilioni 2. Wengi hudhani kuna mtu au mafuriko yaliyoyapanga vile, jiwe juu ya jiwe. Yalikuwa mwamba mmoja chini ya ardhi, wenye nyufa zilizokatizana. Maji ya mvua yakapenya kwenye nyufa, yakaulainisha mwamba kuanzia kingo na pembe, ndipo udongo uliolainika ukasombwa na viini vya mviringo vikabaki vimekaliana. Kuyapanda, vaa raba zenye soli laini. Kandambili zinateleza, na ukungu mkavu unaoota juu ya mawe, ukilowa tu, unakuwa utelezi mtupu.

Tulipokuwa tukisubiri mashua ya kurudi, mke wangu alivua viatu aingize miguu majini, kama angefanya ufukwe wa Raskazone, kwao Tanga. Nikamzuia. Kando ya ziwa, hasa penye magugu na maji yaliyotulia, kuna konokono wanaobeba kichocho. Viini vyake hupenya ngozi kwa dakika chache, na hutoka kwa wingi jua linapokuwa juu. Hukisikii kikiingia. Aliyekwisha kugusa maji ajifute kwa taulo mara moja, na baada ya wiki kadhaa akapime. Dawa ipo, prazikwanteli, na hospitali za Mwanza zinaijua vizuri.

Kutoka hapo tukapanda daladala ya Kirumba hadi soko la Mwaloni. Huko ni pa kwenda kabla ya mchana, biashara ikiwa bado moto. Utaona sangara wa chumvi waliokaushwa, kayabo, wakifungwa kwa safari ya Kongo. Mapanki, yaani mifupa na vichwa vinavyobaki viwandani baada ya minofu kuondoka. Na mabondo, yaani vibofu vya hewa vya sangara, ambayo wenyewe hawapendi yapigwe picha. Omba ruhusa kwanza kwa kila picha. "Mwangaluka" moja, salamu ya asubuhi ya Kisukuma, inafungua milango mingi.

Lakini sisi tulifuata dagaa. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa, kwa sababu mbalamwezi ikiwaka taa haiwavuti tena. Mwezi ukiwa mpevu soko hupungua na bei hupanda. Siku ile mwezi ulikuwa mchanga, magunia yamejaa. Cha kuangalia ni wapi walikaushwa. Waliomwagwa mchangani hubeba mchanga hata uwapepete vipi, wa kwenye chanja au nyavu huwa safi. Sugua kiganja kimoja, kisha tafuna mmoja polepole: mchanga utausikia kwenye meno. Wanaong'aa kama fedha walipata jua kamili. Waliogeuka njano au kahawia walinyeshewa kabla hawajakauka, na wataingiwa ukungu kabla hujafika nao mbali.

Mchana tulikula sato na ugali. Chagua samaki wako mwenyewe kabla hajaingia jikoni: macho yamejaa, matamvua mekundu, ukimbonyeza nyama inarudi.

Kwa saa za jua kali tulikwenda Bujora, karibu na Kisesa, barabara ya Musoma. Daladala hadi Kisesa, kisha bodaboda. Ni makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, yenye ngoma za watemi na historia ya vyama viwili vya wacheza ngoma, Bagika na Bagalu. Mpe mwongoza wageni muda wake. Bila maelezo, ngoma zile ni mbao na ngozi tu. Mwezi Juni, wakati wa tamasha la Bulabo, vyama hivyo hushindana uwanjani. Ondoka kabla ya saa 10 jioni, maana foleni kuanzia Igoma ni nzito.

Jioni tulisimama mbele ya Jiwe la Bismarck, jirani na kivuko cha Kamanga. Ziwa lilikuwa limechafuka sasa, mawimbi yakipiga mawe. Mke wangu alitazama saa yake mara mbili: Tanga wakati huo giza limeingia. Mwanza iko karibu nyuzi 6 magharibi ya Tanga, kwa hiyo jua huchelewa kuzama kwa dakika 25 hivi, ingawa saa ni ileile. Fika saa 12 kasoro, ukae upande ambao jiwe linabaki kati yako na Sengerema, ng'ambo ya maji, jua lishuke nyuma yake.

Dagaa tuliwafunga usiku huo huo: mifuko miwili, kisha ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana, na utepe kuuzunguka mfuniko. Harufu ikitoka, konda wa basi la mbali atakushushia mzigo kwenye buti la chini.