Kuanzia ICU ukiwa umehitimu juzi

Nilianzia ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, moja kwa moja baada ya kuhitimu uuguzi, na kila mara wahitimu huniuliza kama nao wafanye hivyo. Walimu wetu walikuwa na jibu moja: nenda kwanza wodi ya kawaida miaka miwili. Sikubaliani nao, ingawa nawaelewa.

Wiki yangu ya tano, zamu ya usiku, nilikuwa na mgonjwa aliye kwenye mashine ya kupumulia, presha yake imeshikiliwa na noradrenalini, dawa ya kupandisha presha. Bomba la dawa, yaani sindano kubwa inayosukumwa na pampu, lilikuwa linaishia. Nikaandaa jipya, nikasubiri la zamani liishe kabisa, nikachomoa, nikapachika, nikawasha pampu. Wastani wa presha ulikuwa 71. Ukawa 60, ukawa 52, ukawa 44. Pampu ilikuwa inafanya kazi, ila bomba jipya lilikuwa halijakaza kwenye pampu, kwa hiyo dawa ilikuwa bado haijasukumwa. Mimi sikulijua hilo. Mikono ilikufa ganzi.

Sista aliyenisimamia alikuwa hatua mbili nyuma yangu. Aliona skrini kabla sijafungua mdomo, akapandisha kasi ya pampu kidogo kidogo, presha iliporudi akaishusha. Kisha akaniambia, "Mdogo wangu, njoo uone." Akanionyesha: pampu ya pili iwashwe mapema, mrija wake ukiwa bado haujafika kwa mgonjwa, mpaka tone lionekane kwenye ncha. Ndipo uunganishe, na ile ya kwanza iwe bado ina dawa. Bomba lililofuata, saa kumi alfajiri, alinifanya nibadilishe mwenyewe, naye amesimama kimya pembeni. Presha haikutikisika.

Miaka miwili ya wodi isingenifundisha hilo, kwa sababu dawa ile kwa kawaida haitolewi huko.

Lakini wodi ina chake. Siku moja nilipelekwa kusaidia wodi ya watu wazima, mgonjwa akaanza kubadilika. Mwenzangu aliyekulia pale alimtazama tu usoni, akaweka mkono kifuani, akahesabu pumzi dakika nzima: 32, nyingi mno. Mimi nilikuwa bado natafuta skrini iko wapi. Jicho lile nililijenga baadaye, tena kwa shida, na hadi leo humwambia kila mgeni ninayemlea ahesabu pumzi kwa macho yake kabla hajaamini namba ya mashine.

Tusisahau pia huduma hii ya ICU ilivyoanza. Mwaka 1952, polio ilipowapooza watu wengi Copenhagen, Denmark, na mashine hazitoshi, daktari wa usingizi Bjørn Ibsen alipendekeza wagonjwa wapumuliwe kwa mkono. Waliokaa kando ya vitanda, zamu kwa zamu, wakiminya mifuko ya hewa, walikuwa wanafunzi wa udaktari. Walikuwa wageni kabisa, ila madaktari wa usingizi walikuwepo kuwaelekeza.

Kinachoniumiza ni ninachokiona siku hizi. Namfahamu binti mmoja, hodari kweli, aliyehesabiwa kama muuguzi kamili baada ya wiki tatu tu. Usiku mmoja aliachiwa wagonjwa wawili, wote kwenye mashine, na waliomzidi uzoefu wana wagonjwa wao. Mmoja alizibwa na makohozi wakati yeye anamgeuza mwenziwe. Mgonjwa alipona. Binti aliacha kazi, na wapo waliosema hakufaa ICU. Si kweli. Alikosa mtu wa hatua mbili nyuma yake.

Kwa hiyo mhitimu akiniuliza, namwambia aende, lakini kabla ya kusaini aulize: nani atanilea, kwa miezi mingapi, na katika miezi hiyo nitakuwa nje ya idadi ya wauguzi wanaohesabiwa kwenye zamu? Wakimjibu kwamba itategemea hali ya siku hiyo, asisaini.