Chapeo ya ngozi: je, askari wa Kirumi aliivaa?

Kila mwaka Pasaka inapokaribia, vijana wa jumuiya yetu hapa Dodoma huigiza mateso ya Bwana, na kazi ya kuwavalisha askari wa Kirumi huangukia mikononi mwangu. Mwaka mmoja fedha za kununulia bati zilipotushinda, mzee anayetuwambia ngoma za muheme alinishauri tutumie ngozi. "Mwalimu, mbona kwenye sinema Warumi wote wamevaa ngozi?" akaniambia. Sikuwa na jibu, na kwa kuwa sipendi kulala na swali, nilinunua ngozi ya mbuzi mnadani Msalato na nikaanza kusoma.

Ngozi ile niliilowanisha usiku kucha, nikaifunika juu ya sufuria iliyogeuzwa, nikaifunga kamba na kuiacha juani. Siku ya tatu ilikuwa ngumu kama ubao. Ukiigonga kwa kifundo cha kidole inalia, na kisu cha jikoni kiliikwaruza tu bila kupenya. Nilifurahi mapema mno. Mvua ilinyesha usiku ikiwa bado juu ya ua, asubuhi nikaikuta imelegea kama chapati, na usiku uliofuata mbwa wa mtaani wakamaliza kesi. Hapo nilielewa jambo moja kabla hata ya kufungua kitabu: ngozi mbichi iliyokaushwa humkinga mtu vizuri sana, lakini haiachi ushahidi.

Maandishi ya kale, hata hivyo, hayajanyamaza. Polybius, Mgiriki aliyelieleza jeshi la Roma katika karne ya 2 KK, anasema kwamba vijana wa mstari wa mbele waliotupa mikuki myepesi walivaa chapeo isiyo na pambo, na wakati mwingine waliifunika kwa ngozi ya mbwamwitu, ili iwakinge na pia ili makamanda wawatambue kwa mbali nani anapigana kishujaa na nani anajificha. Virgil, mshairi wa Kirumi, naye akisimulia watu wa Praeneste, mji wa karibu na Roma, wa zama za hekaya, anawavika vichwani kofia za ngozi ya mbwamwitu. Plutarch, mwandishi Mgiriki, anaeleza kwamba Camillus, jemadari wa Kirumi, alipojiandaa kupigana na Wagalli, aliwafulia askari wake wengi chapeo za chuma kitupu zenye uso laini ili panga za adui ziteleze, na mimi naona habari hiyo inadokeza kwamba zilizotangulia hazikuwa hivyo.

Ushahidi unaotajwa zaidi ya wote ni wa Isidore, askofu wa Seville aliyefariki mwaka 636, ambaye aliandika kwamba Kilatini kina maneno mawili: *cassis* ni chapeo ya bamba la chuma, na *galea* ni chapeo ya ngozi. Wapo wanaolishika neno hili na kuhitimisha kwamba kila palipoandikwa *galea* pana ngozi. Mwamba ngoma huvutia kwake. Sisi tunaoezeka nyumba tunapaswa kuwa wa kwanza kutilia shaka hoja ya namna hiyo, kwa sababu neno bati kwa asili ni jina la madini mengine kabisa, ilhali bati lililo juu ya vichwa vyetu ni chuma kilichopakwa zinki. Kigiriki kina kisa cha kuchekesha zaidi: jina lake moja la chapeo, *kunee*, lilitokana na ngozi ya mbwa, na bado Homer, mshairi wao wa kale, anaitaja *kunee* ya shaba tupu. Jina hubaki kitu kikibadilika. Kwa hiyo Isidore anatuhifadhia kumbukumbu ya zamani sana, na si orodha ya ghala la silaha.

Ardhi yenyewe inasema nini? Chini ya bahari karibu na visiwa vya Egadi, mahali Warumi walipowashinda Wakarthago mwaka 241 KK, zimepatikana chapeo za shaba. Mtu anaweza kudai kwamba za ngozi zilioza, nami mbwa wa mtaani wangemuunga mkono. Lakini huko Vindolanda, ngome ya Kirumi kaskazini mwa Uingereza, udongo wenye maji usiopitisha hewa umehifadhi maelfu ya viatu na vipande vya mahema ya ngozi. Katika ngome ya Newstead, Scotland, iliyochimbwa kati ya 1905 na 1910, imepatikana hata ngozi ya kukinga uso wa farasi. Inapokuwa farasi amebaki na kinga yake ya ngozi na bwana wake hana, mimi siwezi kuendelea kulaumu kuoza.

Ngozi ya kwenye sinema nayo ina chanzo chake. Wachongaji wa Nguzo ya Trajan, mnara wa ushindi wa Kaisari huyo mjini Roma uliokamilika mwaka 113, walichonga deraya zinazopinda kiulaini mwilini, na wasomi wengi wakadhani ni mikanda ya ngozi, mpaka sanduku lililofukuliwa Corbridge, kaskazini mwa Uingereza, mwaka 1964 lilipoonyesha mabamba ya chuma yaliyounganishwa kwa ngozi kwa ndani.

Ipo chapeo moja ya ngozi ya enzi za Kirumi ambayo hakuna anayeweza kuikana. Ilitoka Manfalut nchini Misri, iko katika Jumba la Makumbusho la Uingereza pamoja na deraya yake, ni ya karne ya 3 au ya 4, na imetengenezwa kwa ngozi ya mamba. Huenda ilivaliwa katika ibada za mungu mamba kuliko vitani.

Mahali ambapo ngozi ilikaa kichwani mwa askari wa kawaida kwa uhakika ni chini zaidi kuliko tunavyowaza. Vegetius, mwandishi wa Kirumi wa mambo ya vita, anaeleza kofia za ngozi zilizoitwa za Kipannonia, ambazo askari wa zamani walizivaa wakati wote ili chapeo isiwaelemee siku ya vita. Ammianus, askari na mwanahistoria aliyeponea chupuchupu mji wa Amida ulipotekwa na Waajemi mwaka 359, anasimulia jinsi yeye na wenzake walivyokuta kisima kirefu wakiwa na kiu kali, wakachana nguo zao kufanya kamba, na kufunga mwishoni kofia ambayo mmoja wao aliivaa chini ya chapeo. Ilifyonza maji kama sifongo, nao wakanywa.

Basi Pasaka iliyofuata tulikata madebe ya zamani, na ndani ya kila chapeo nikashona kofia ya ngozi ya mbuzi. Vijana waliokuwa wakilalamika kwamba debe linawakata masikio hawakulalamika tena.