Kinamasi cha nyuma ya shamba: orodha imepungua

Mwezi uliopita nilijisifu kwamba nimefikisha aina kumi na mbili za vyura kwenye kinamasi hiki kidogo cha huku Kwale. Leo ni kumi na moja. Hakuna aliyehama wala kufa. Mimi ndiye niliyewahesabu mke na mume kama watu wa makabila mawili.

Tangu masika yaanze, ukurasa mmoja wa daftari umekuwa wa "kijani mdogo" na wa pili wa "madoa". Yule wa kijani ni kama jani changa la mpunga, na kelele zote ni zake: mlio mkavu, kama mtu anayegonga ulimi kwenye kaakaa. Yule wa madoa ni wa kahawia, madoa yake rangi ya maziwa yamezungushiwa wino mweusi, na sijawahi kumsikia hata siku moja. Ukimya ule ungenishtua mapema, maana waimbaji ni madume. Juzi baada ya mvua nikamulika jani la yungiyungi, nikawakuta: kijani juu, madoa chini, wamekumbatiana wala hawanijali. Kumbe wote ni Hyperolius argus, na madoa ndiye bibi. Nikafuta mstari mmoja kwa kalamu nyekundu.

Utaratibu wangu haujabadilika. Naingia saa moja na nusu usiku, nasimama vituo vitatu, nazima tochi, na kila kituo nasikiliza dakika tano. Aliye rahisi kuliko wote ni Kassina senegalensis. Mlio wake ni tone la maji linaloangukia ndani ya mtungi, na mmoja akianza, wa ng'ambo humjibu. Kumwona sasa ndiyo kazi. Nimetambaa kwenye majani nusu saa nikarudi na tope mpaka kifuani.

Yale mapovu meupe yaliyoning'inia kwenye tawi juu ya maji nayo yamepata mwenyewe. Babu anayelima mpunga pembeni alikuwa ameniambia, "Mjukuu wangu, usiguse, hayo ni mate ya nyoka." Nilimweleza kwamba ni kiota cha chura wa mitini, Chiromantis: jike hutoa ute, akaupiga kwa miguu ya nyuma mpaka uumuke, mayai yakabaki ndani yenye unyevu. Hakuniamini. Tukakaa naye chini ya tawi asubuhi moja, povu limelegea, viluwiluwi wakaanza kudondoka majini mmoja mmoja, tup, tup. Babu akatazama kwa muda mrefu. "Basi nyoka wako hawa ni wadogo sana," akasema, akaenda zake.

Upande wa wenye magamba mambo ni haba. Kwenye msafara wa mamba na kenge wamo, husema watu. Huku kwangu mamba hakuna, kenge tu, na yule mkubwa wa kwenye kichuguu amenizoea kiasi kwamba haruki majini tena nikipita. Kobe wa maji nilimpata mmoja njiani. Nilipomwinua alikunja shingo kwa ubavu, akafunga gamba la tumboni kwa mbele kama mlango wenye bawaba, hivyo ni jamii ya Pelusios. Alinuka, nikamrudisha upesi.

Nyoka mdogo wa kahawia asiye na ncha ya mkia, niliyedhani ameng'atwa na nguchiro, ni Natriciteres olivacea. Hana sumu ya kumdhuru mtu. Akikamatwa hukata mkia kama mjusi, ila wake hauoti tena. Kwa hiyo kigutu kile ni cha maisha, na kwangu ni bahati: ndiye nyoka pekee ninayeweza kumtambua kwa sura.

Daftarini kuna kurasa nyingine mbili ninazozishuku, mmoja mwenye sauti na mwingine bubu. Mvua ikinyesha Ijumaa nitakwenda kuwatafuta wakiwa pamoja.