Nilivyorudisha usingizi wakati wa matibabu ya saratani

Watu wakisikia umechomwa dripu za saratani huuliza habari za nywele na kutapika. Mimi kilichonitesa zaidi ni usiku. Nilitibiwa saratani ya titi hapa Dar es Salaam, na baada ya dripu za mwanzo usingizi ulinikimbia. Saa tatu usiku nipo kitandani, saa nane bado macho makavu, nasikiliza feni na kupiga hesabu ya usiku uliobaki. Alfajiri ndipo napitiwa. Naamka mwili mzito, moyo umejaa hofu, na mtoto akiangusha kikombe tu machozi yananitoka.

Nyumbani waliniambia neno moja: "Usiwaze." Mama mkwe alilisema kwa mapenzi kabisa, huku ananipaka mafuta miguuni. Lakini mtu aliyeambiwa ana saratani utamwambiaje asiwaze?

Siku moja kliniki, sista aliyekuwa ananipima presha aliniuliza, "Mama, wiki hii roho yako imeelemewa kiasi gani, kuanzia sifuri mpaka kumi?" Nikajibu nane. Baadaye nilielewa kwamba swali hilo ni kipimo kinachotumika kwa wagonjwa wa saratani katika nchi nyingi, na kwamba ukifika nne unastahili kuangaliwa kwa karibu. Akanipeleka kwa mshauri nasaha aliyesomea saikolojia. Ndugu mmoja akashtuka: "Kwani umechanganyikiwa?" Sikuchanganyikiwa. Nilikuwa naumwa, na hilo nalo lilikuwa sehemu ya kuumwa.

Mshauri alianza na dawa zangu. Deksamethasoni, vidonge vinavyotolewa pamoja na dripu kuzuia mzio na kichefuchefu, nilikuwa nameza asubuhi na jioni, na dawa hiyo huchangamsha mwili hata usiku wa manane. Akanirudisha kwa daktari, naye akahamishia dozi ya jioni mchana. Hilo ni la daktari, mgonjwa asijipangie mwenyewe.

Kisha akanipa kazi ya daftari. Kila asubuhi niandike nimepanda kitandani saa ngapi, nimelala lini kwa kukisia, nimeshtuka mara ngapi, nimeamka saa ngapi. Tulipolisoma pamoja picha ikawa wazi: nakaa kitandani kwa muda wa saa tisa, nalala kama saa tano tu. Saa nne nzima kila usiku zilikuwa za kuogopa, na zote nilizitumia nikiwa nimejilaza palepale. Mwili ulishazoea kwamba kitanda ni mahali pa kukesha.

Alichoniambia baada ya hapo kilinishangaza: nipunguze muda wa kukaa kitandani. Nisipande kabla ya saa tano na nusu usiku, na niamke kwa adhana ya alfajiri kila siku, hata kama nimelala vibaya. Nikikaa macho kwa muda wa kama dakika ishirini, bila kuangalia saa, ninyanyuke. Nilikuwa natandika mkeka sebuleni, taa ndogo, nakunja nguo za watoto au navuta uradi, simu iko mbali. Macho yakilegea narudi kitandani. Wiki ya kwanza ilikuwa ngumu sana, mchana nilikuwa nasinzia hadi kwenye daladala. Alinionya mapema kwamba anayeendesha gari, au mwenye kifafa, hapangiwi hivi bila uangalizi. Alinikubalia kulala kidogo mchana siku za baada ya dripu, kwa nusu saa hivi, kabla ya saa tisa alasiri. Usingizi ulipoanza kujaza muda ule, tukawa tunaongeza robo saa, kidogo kidogo.

Njia hii ni tiba ya fikra na tabia kwa ajili ya kukosa usingizi. Mwaka 2016 chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani kilishauri ianze yenyewe kabla ya vidonge kwa watu wazima wenye tatizo sugu. Nasema hivi kwa sababu wenzangu wengi wodini walikuwa wanameza Piriton, vidonge vya mzio vinavyoleta usingizi, ili walale, wakidhani hakuna njia nyingine.

Upande wa fikra ndio ulionigusa zaidi. Nilikuwa na wazo moja lililonitesa kila usiku: nisipolala leo, dripu ya kesho haitafanya kazi. Mshauri hakulikejeli. Aliniambia niliandike, halafu akauliza, "Nani alikuambia?" Nikatafuta, hakuna. "Na zile dripu ulizochomwa baada ya kukesha, daktari alisemaje?" Alisema uvimbe unapungua. Nikaandika hilo nalo, chini ya lile la kwanza. Hofu ya kuacha watoto haikujibiwa hivyo, maana ile si hofu ya uongo. Hiyo tuliitengea muda wake: saa kumi na moja jioni, nikiwa nimekaa kibarazani na daftari, naandika kila ninachoogopa na lipi naweza kulifanyia kazi. Nani atampeleka mdogo shule. Baba yao anajua kadi za kliniki zilipo? Mengine nilimwambia mume wangu jioni hiyohiyo, na tukalia pamoja. Hofu ikija usiku, najiambia ina saa yake kesho.

Sasa niko kwenye tamoksifeni, vidonge vya kuzuia saratani ya titi isirudi, na joto hunipanda usiku, basi nalalia kanga nyepesi na feni. Kila tarehe ya kipimo ikikaribia usingizi hupungua tena. Natoa daftari, nasogeza saa ya kulala mbele, natandika mkeka.

Kama unatibiwa na unapitia haya, ukifika kliniki usijibu tu "sijambo." Mwambie sista, "Silali, na roho yangu imeelemewa," umtajie na namba. Asipokuelewa, mwambie daktari maneno hayohayo.